Bwawa la Hoover: niliyojifunza kwa watu waliolizunguka

Swali la kwanza la wageni, karibu siku zote, ni hili: ni watu wangapi wamezikwa ndani ya zege? Kwa miaka mingi sasa naendesha basi dogo la watalii kati ya Las Vegas na Bwawa la Hoover, ukuta mkubwa wa zege uliozuia mto Colorado huku Marekani, na swali hilo hulisikia kabla hata hatujafika Boulder City, mji uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa. Jibu ni hakuna hata mmoja. Nalijibu taratibu, kwa sababu anayeelewa kwa nini hakuna, tayari ameelewa nusu ya kazi yenyewe.

Ukuta ule haukumwagwa kwa mkupuo. Ulipandishwa kwa vipande vikubwa vilivyopangwa safu kwa safu, kila kipande kikiongezwa kama mita 1.5 tu, kisha kikaachwa kikaze. Ndoo ya chuma ilishushwa kwa waya kutoka juu ya korongo ikiwa na mzigo wa tani 20 hivi. Ikifunguliwa, zege lilitapakaa na kuinuka sentimita chache, na vibarua waliovaa mabuti ya mpira walilikanyaga na kulisukuma hadi kwenye pembe za mbao. Katika kina kama hicho mtu hapotei wenzake wakimwangalia. Halafu kuna suala la joto. Fundi yeyote wa kwetu anajua kwamba zege hupata joto linapokaza, na nguzo ya nyumba tunaimwagilia asubuhi na jioni ili isikauke haraka ikapasuka. Pale walikuwa na mita za ujazo milioni 2.5 za zege, na unene wa ukuta chini kabisa ni mita 201. Wahandisi walipiga hesabu wakaona kwamba likiachwa lenyewe lingechukua zaidi ya miaka 100 kupoa, na lingepasukapasuka. Wakalaza ndani yake mabomba membamba ya chuma, jumla kilomita zipatazo 937, wakapitisha maji ya mto na baadaye maji ya baridi kali kutoka kwenye mtambo wa kupoozea. Kila sehemu ilipopoa, mabomba yalijazwa saruji. Yamo humo mpaka leo.

Naipenda sana sehemu hii ya maelezo. Mimi ni mtoto wa bwawa. Nimekulia Kagongo, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu kule Mwanga, Tanzania, mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha na maji yote unayoyaona yameletwa na mito ya Kikuletwa na Ruvu na kuzuiwa na ukuta wa miaka ya 1960. Baba alivua perege. Kwetu bwawa lilikuwa chakula, barabara na uwanja wa michezo, na sikuwahi kujiuliza palikuwa na nini kabla yake. Nilipopata kazi hii Nevada, nilivutiwa na namba kama wanavyovutiwa wageni wangu: kimo mita 221, mitambo 17, megawati 2,080, kazi iliyoanza 1931 na kukabidhiwa serikalini Machi 1936, zaidi ya miaka miwili kabla ya muda wa mkataba. Namba hizo zinastahili heshima. Ni kazi kubwa ya akili na mikono.

Aliyenifanya nianze kuwatazama watu zaidi ya ukuta ni mama mmoja wa Kikongo. Hapa Las Vegas tuna jamaa wengi waliokuja kama wakimbizi kutoka Kivu, na kanisani kwetu Kiswahili chao na chetu vinakaa benchi moja. Siku ya mapumziko niliwapeleka baadhi yao kutembea. Mama huyo, mtu mzima wa Uvira, aliegemea ukingo, akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akaniuliza:

“Mutoto yangu, batu benye balikuwa banaishi kule chini ya maji, balienda wapi?”

Nikamwambia, “Mama, palikuwa na mji mdogo, St. Thomas. Walilipwa wakahama.”

“Na benye balijenga? Balilala wapi?”

Maswali mawili tu. Lakini mtu aliyewahi kuiacha nyumba yake usiku, mtoto mgongoni, anajua la kuuliza kuhusu kazi kubwa kama ile. Tangu siku hiyo maelezo yangu ndani ya basi yamegeuka. Naanza na wapi watu walilala.

Mwaka 1931 Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Habari kwamba kuna kazi jangwani zilisambaa, na maelfu ya watu walikuja na wake na watoto, wengine wakiwa na gari bovu lililobeba kila walichonacho. Mji wa wafanyakazi ulikuwa bado haujajengwa. Wakapiga mahema na kuegesha vibanda vya maboksi na makopo kando ya mto, mahali palipoitwa Ragtown, jina la kuonyesha matambara yaliyokuwa paa zao. Maji ya kunywa yalikuwa ya mto wenyewe, mekundu kwa tope. Ndani ya mwezi mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Julai 1931, watu 16 walikufa kwa joto.

Joto hilo ukilisoma tu hulijui. Mwezi wa Julai nikifungua mlango wa basi pale maegeshoni, hewa inayoingia inakausha macho. Jasho hulioni, linakauka kabla halijatiririka, na hapo ndipo hatari ilipo kwa mgeni, kwa sababu anadhani hajapoteza maji. Nimewahi kumkalisha chini mzee mmoja mtalii, nimemlowesha shingo na makwapa kwa maji ya barafu, hadi wahudumu wa afya wakafika. Alikuwa ametembea dakika chache tu. Wale wa 1931 walikuwa ndani ya mahandaki wakichoronga mwamba na kupakia vifusi, zamu baada ya zamu, kisha wanarudi kulala ndani ya hema lililopigwa jua mchana kutwa. Nikiwa na wageni wakati wa kiangazi husema maneno haya nje, si ndani ya kiyoyozi. Dakika mbili zinatosha.

Mahandaki hayo yalikuwa manne, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 17 hivi, yakapasuliwa kwenye kuta za korongo ili mto Colorado upite pembeni wakati wa ujenzi. Malori ya petroli yaliendeshwa humo ndani, moshi wote ukabaki humo. Sheria ya Nevada ilikataza injini za petroli chini ya ardhi. Kampuni ya Six Companies, muungano wa wakandarasi waliopewa kazi, ilikwenda mahakamani kuizuia sheria hiyo isitumike kwao. Wafanyakazi 42 waliandikwa kuwa wamekufa kwa nimonia. Hawamo katika hesabu rasmi ya vifo 96 vya kazini. Wenzao walisema wazi kwamba ni moshi wa malori uliowaua, na kwamba kumwandika mtu nimonia kulimwondolea mwajiri mzigo wa fidia. Baadhi ya waliougua walifungua kesi, na mwaka 1936 kampuni ikamalizana nao nje ya mahakama. Kwa hiyo mtu akiniuliza wamekufa wangapi, namtajia 96, kisha namweleza na hao 42. Sioni haki kutaja namba ya kwanza peke yake.

Agosti 1931 waligoma. Ujira wa baadhi ya waliofanya kazi mahandakini ulikuwa umepunguzwa, nao wakadai urudishwe, wakadai maji safi yenye barafu, vyoo, na sheria za migodini zifuatwe. Mkandarasi akawaachisha kazi kwa mkupuo. Njaa ya nje ilikuwa kubwa kuliko hasira ya ndani. Kila kibarua alijua kwamba Las Vegas wapo wanaume wengi wanaoisubiri nafasi yake. Mgomo ukafa kwa siku chache. Hata hivyo maji yakaboreshwa, na mabweni na nyumba za Boulder City zikaharakishwa. Huwaambia vijana wanaokuja na walimu wao: waliogoma walishindwa mezani, lakini waliokuja nyuma yao wakanywa maji ya baridi.

Boulder City ulikuwa mji wa serikali kuu, uliopangwa kwenye karatasi kabla mtu hajachimba msingi. Ukiingia leo bado unaona: barabara zenye mpangilio, bustani, miti ya kivuli iliyopandwa kwa makusudi katika nchi isiyo na kivuli. Kulikuwa na geti na walinzi. Meneja wa mji, Sims Ely, alikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu kwa ulevi au ugomvi, na akifukuzwa mjini kazi nayo imekwisha. Kamari ilipigwa marufuku, na hadi leo haichezwi humo, ingawa Las Vegas iko mwendo wa nusu saa tu. Kwa familia iliyotoka Ragtown, kupata chumba chenye bomba na umeme ilikuwa ni kama kufufuka. Nimesoma kumbukumbu zao pale jumba la makumbusho, nami siwezi kuibeza furaha hiyo. Mama aliyekuwa akimkanda mtoto wake kwa kitambaa chenye maji ya tope, leo ana jokofu. Nani asingeshukuru?

Lakini geti lilikuwa na macho ya kuchagua. Mkataba wenyewe ulikataza kuajiri Wachina. Kwa Weusi haukuandika kitu; hawakuajiriwa tu. Raia Weusi wa Las Vegas waliunda chama, wakaandika barua, wakalalamika hadi Washington, na mwaka 1932 wachache wakaanza kuchukuliwa. Hawakuzidi 30 kwa wakati mmoja, katika mradi ambao mwaka 1934 ulifikia wafanyakazi zaidi ya 5,000. Walipewa kazi za ujira wa chini kwenye machimbo ya kokoto, na ndoo zao za maji ya kunywa zilitengwa. Kuishi Boulder City hawakuruhusiwa. Walisafirishwa kutoka Las Vegas asubuhi na kurudishwa jioni, kila siku, karibu kilomita 50 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Namfahamu mzee mmoja wa mtaa wa Westside, ng'ambo ya reli, ambako familia nyingi Nyeusi zilisukumwa katika miaka iliyofuata. Baba yake mdogo alikuwa mmoja wa hao wa kokoto. Tulikutana kwenye msiba wa jirani, tukaketi chini ya mti nje, akanieleza kuhusu ile ndoo. Alisema baba yake mdogo hakuwahi kuzungumzia mwamba wala baruti. Alichokisimulia mpaka anakufa ni ndoo, namna ilivyowekwa juani wakati ile nyingine iko kivulini. Aliponiuliza kama naitaja kwa watalii, nikamwambia, “Mzee, kuanzia kesho nitaitaja.” Naitaja. Wapo wageni wanaonikunjia uso, kuna mmoja aliwahi kuniambia amelipa kuja kuona bwawa na si kusikia mambo ya rangi. Nilimsikiliza kwa adabu, nikaendelea. Maji ya kunywa katika joto la nyuzi 48 ni uhai, na aliyeamua kuyagawa kwa rangi ya ngozi alikuwa anagawa uhai.

Sasa St. Thomas, mji wa wale wa “kule chini” aliowauliza yule mama. Ni mji ulioanzishwa na Wamormoni mwaka 1865 karibu na mahali ambapo Muddy River na Virgin River zinakutana. Walichimba mifereji, wakapanda miti barabarani, wakawa na shule, duka, posta, hoteli. Serikali ililipa fidia, na wengine walilalamika kwamba ni ndogo. Makaburi yalifukuliwa na mabaki kuhamishiwa mji wa jirani, Overton. Wengi hawakuamini kwamba maji yatafika, kwa sababu mji ulikuwa mbali na ukuta, kilomita nyingi kaskazini, na jangwa lote lilikuwa kavu mbele ya macho yao. Yalifika. Mkazi wa mwisho, Hugh Lord, aliondoka kwa mtumbwi Juni 11, 1938.

Na kabla ya Wamormoni palikuwa na wengine. Kingo za Muddy River zilijaa mabaki ya makazi ya wahenga waliojenga nyumba za udongo karne nyingi nyuma; wataalamu wa mambo ya kale walikimbizana na maji kuchimba walichoweza. Wapaiute wa Moapa, ambao ni wenyeji wa bonde lile, bado wapo, kwenye eneo dogo walilotengewa juu kidogo ya mto huo huo. Mwaka 1922, majimbo saba yalipoketi Santa Fe kuugawana mto Colorado, mataifa ya wenyeji asilia hayakuwa na kiti. Mexico nayo, ambako mto ulikuwa ukimwaga maji baharini, ilingoja hadi mkataba wa 1944 kupata sehemu yake. Wacucapá, wavuvi wa delta kule chini, waliona mto ukinyauka hadi ukaacha kufika baharini. Mtu aliyezaliwa na baba mvuvi hapiti juu ya jambo hilo haraka. Kwetu Kagongo maji yakipungua, kwanza nyavu zinarudi na samaki wadogo, kisha vijana wanaondoka mmoja mmoja, kisha unasikia nyumba fulani imefungwa.

St. Thomas imerudi kuonekana kuanzia 2002, maji ya Ziwa Mead, ziwa lililotokana na bwawa hili, yalipokuwa yakishuka. Nimetembea huko mara nyingi majira ya baridi. Njia ni mzunguko wa kilomita 4 hivi, mchanga mkavu uliojaa maganda madogo meupe ya kombe, yanavunjika chini ya viatu kila hatua. Unaona misingi ya nyumba, visima vya kuhifadhia maji, ngazi za shule zinazopanda zikaishia hewani, na ukuta mrefu wa duka lililouza aiskrimu. Kilichonishika zaidi ni visiki. Vimejipanga mistari miwili, sawasawa, umbali uleule kati ya kimoja na kingine, kwa hiyo unatembea katikati na unajua upo barabarani. Kuna mtu alipima kwa hatua, akachimba mashimo, akamwagilia miche hadi ikawa kivuli.

Ziwa Mead lilijaa hadi kumwagika mwaka 1983. Julai 2022 lilikuwa chini ya asilimia 30, na mstari mweupe wa madini ulioachwa na maji juu ya miamba ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita 40. Kila mgeni sasa anauliza kuhusu mstari huo. Ukame wa muda mrefu ni sababu moja, na hewa inayozidi kupata joto inaongeza. Lakini pia waliogawana mto mwaka 1922 walitumia vipimo vya miaka ya mvua nyingi, wakaandika kwenye karatasi maji ambayo mto hauna. Nevada ilipewa kidogo, kama asilimia 4 tu ya mgawo wa majimbo matatu ya sehemu ya chini ya mto, yaani Arizona, California na Nevada, na huenda uchache huo ndio uliotufundisha. Maji tunayotumia ndani ya nyumba Las Vegas karibu yote husafishwa na kurudishwa ziwani. Nyumbani kwangu tuling'oa nyasi za mbele, mamlaka ya maji ikatulipa kwa kila futi ya mraba, tukapanda vichaka vya jangwani. Mke wangu aliomboleza wiki mbili kisha akapanda mchicha nyuma ya nyumba, unaomwagiliwa kwa matone. Sheria ya jimbo ya 2021 inataka nyasi za mapambo zisizotumika, za maofisini na kandokando ya barabara, ziache kumwagiliwa maji ya Colorado kufikia mwisho wa 2026. Naiunga mkono kwa moyo wote.

Ndugu zangu wa nyumbani hunipigia simu wakijivunia Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Nami najivunia. Megawati 2,115, zinazidi za Hoover, na mkono wa Mtanzania umeshika pale. Ninachowaomba ni hiki, na nimekisema kwa simu na sasa nakiandika: waandikeni watu. Vibarua walitoka vijiji gani, walilala wapi, nani aliumia na familia yake ilipata nini. Waandikeni wakulima wa mlau wa Utete na Ikwiriri, walioishi kwa kufuata mafuriko ya mto, watueleze wenyewe shamba lilikuwaje na limekuwaje. Waulizeni wazee wangali hai. Hapa Nevada yule mzee wa Westside ananisimulia ya mtu wa pili, na ile ndoo ingepotea kabisa kama asingepata wa kumsikiliza.

Ukija huku, njoo kati ya Novemba na Machi. Anzia Westside, kwenye jengo la shule ya zamani lililofunguliwa 1923, shule ambayo watoto wa Kipaiute walisomea pia. Kisha Boulder City, makumbusho yapo ndani ya hoteli ya zamani, wana picha za Ragtown na za mahandaki. Bwawani fika mchana, ukuta una kivuli upande mmoja. Siku ya pili panda kaskazini hadi Overton, uone makumbusho ya wahenga wa Muddy River, halafu shuka St. Thomas. Beba lita nne za maji kwa kila mtu, hata kama kuna baridi, na mtu wa kwenda naye. Huko simu haishiki.